Kuzaliwa Mara ya Pili: Uhakiki wa Swali la "Lini?"

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukitumika usharikani kabla ya kuitwa kufundisha chuoni, tuliitwa nyumbani kwa mama mmoja mzee aliyekuwa mgonjwa. Mama huyo alibatizwa akiwa mtoto mchanga, akapata Kipaimara akiwa msichana, na tangu hapo hakuacha ibada ya Jumapili isipokuwa kwa ugonjwa au msiba. Juma lililotangulia, vijana wa kikundi kimoja cha maombi walikuwa wamemtembelea. Walimwimbia, wakamwombea, wakamchotea maji na kumpasulia kuni. Kisha mmoja wao akamwuliza, kwa upole na bila nia mbaya, "Bibi, uliokoka lini?" Bibi hakuwa na tarehe ya kutaja. Alisema kwamba alimjua Yesu tangu alipolijua jina la mama yake. Kijana akamjibu kwamba kumjua Yesu ni jambo moja, na kuzaliwa mara ya pili ni jambo lingine.

Tulipofika alituuliza neno moja tu: "Mchungaji, je, nimepotea?" Tukamjibu upesi, kama tulivyofundishwa kujibu, kwamba asiwe na wasiwasi kwa maana alibatizwa. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Na mwanangu naye alibatizwa." Mwana huyo tulimfahamu. Alikuwa mtu wa pombe. Kanisani aliachana napo tangu siku ya Kipaimara, na mkewe alikuwa amerudi kwao. Jibu letu lilikuwa limemtuliza mama kwa neno ambalo lingeweza kumtuliza na mwana katika ulevi wake. Tuliondoka tukijua ya kuwa hatukumjibu mama yule.

Katika makala hii tunakusudia kuyapima mafundisho makuu ambayo Wakristo wameyatoa kuhusu kuzaliwa mara ya pili, pamoja na fundisho letu sisi Walutheri. Hatuandiki ili kuwashinda vijana wale. Tunaandika kwa sababu kila mchungaji na kila mwanafunzi wa theolojia asomaye kurasa hizi ataulizwa swali lile, ama na mgonjwa, ama na kijana atakaye kubatizwa tena, ama na mzazi wa mwana aliyepotea. Imetupasa tuwe na jibu lililo bora kuliko lile tulilolitoa siku ile.

1. Neno lenyewe katika Yohana 3

Mjadala wote huanza kwa mazungumzo ya usiku kati ya Bwana Yesu na Nikodemo. Neno la Kiyunani linalohusika ni *anothen*, nalo lina maana mbili. Laweza kuwa na maana ya "upya" au "tena", kama katika Wagalatia 4:9, mahali Paulo anapolitumia pamoja na neno jingine lenye maana hiyo hiyo. Lakini mahali pengine katika Injili ya Yohana maana yake ni "kutoka juu". Ndivyo lilivyo katika 3:31, linaposemwa juu ya Yeye ajaye kutoka juu. Katika 19:11, juu ya mamlaka aliyopewa Pilato. Na katika 19:23, juu ya kanzu ya Bwana iliyofumwa kutoka juu hata chini.

Wafafanuzi wengi hukubali kwamba mwinjilisti ameziweka maana zote mbili katika neno moja kwa makusudi. Nikodemo anaishika moja tu. Yeye ndiye anayezungumza juu ya mara ya pili na juu ya kurudi tumboni mwa mama. Jibu la Bwana linamwondoa katika hesabu ya mara ngapi na kumpeleka kwenye asili ya kuzaliwa huko, yaani Roho wa Mungu.

Hapa lugha yetu imetuletea shida ambayo hatuifikirii sana. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotolewa mwaka 1952, imetafsiri neno hilo kwa kusema "mara ya pili". Habari Njema imesema "upya". Hatuwalaumu watafsiri, kwa kuwa Kiswahili hakina neno moja lenye kubeba maana zote mbili. Lakini tukubali matokeo yake: "mara ya pili" ni lugha ya kuhesabu, na anayehesabu huuliza tarehe. Kama vizazi vyetu vingalilisikia neno "kuzaliwa kutoka juu", huenda swali letu la kwanza lingekuwa "kwa nani?" badala ya "lini?"

Kuna mambo mengine matatu katika fungu hilo ambayo tusiyapite. La kwanza, kitenzi ni cha kutendewa. Mtu huzaliwa, hajizai. La pili, maji na Roho katika aya ya 5 yamefungwa pamoja na kihusishi kimoja, kwa hiyo panasemwa kuzaliwa kumoja, si kuzaliwa kuwili. Mwalimu wa Israeli alipaswa kuikumbuka ahadi ya Ezekieli 36, ambako Mungu anaahidi katika pumzi moja maji safi, moyo mpya na roho mpya. La tatu, katika aya ya 7 Bwana anaacha umoja na kutumia wingi: ni lazima "ninyi" mzaliwe. Nikodemo alikuja peke yake usiku, lakini neno hilo liliwahusu wote walioketi katika kiti cha ualimu. Sisi waalimu wa theolojia tumo humo.

Tukitoka katika Yohana twaona upana ule ule. Tito 3:5 yaunganisha kuzaliwa huko na kuoshwa. 1 Petro 1:23 yakuunganisha na neno la Mungu lililo hai. Na neno lile la Tito, *palingenesia*, latokea mahali pengine pamoja tu katika Agano Jipya, nalo ni Mathayo 19:28, ambapo linahusu kufanywa upya kwa mambo yote Mwana wa Adamu atakapoketi katika utukufu. Basi maji, Neno, Roho na siku ya mwisho vyote vimo. Fundisho lo lote lililoshika kimoja na kuvitupa vingine limeshapoteza sehemu ya urithi.

2. Wale wasemao: majini

Kundi la kwanza, nalo ndilo la kale na kubwa zaidi, husema kwamba mtu huzaliwa mara ya pili katika Ubatizo. Makanisa ya Kiorthodoksi humbatiza mtoto, humpaka mafuta matakatifu na kumpa Meza ya Bwana katika ibada ile ile, kwa kuwa aliyezaliwa ni lazima alishwe. Kanisa Katoliki la Roma, katika Mtaguso wa Trento mwaka 1547, lilifundisha kwamba mtu hawezi kuhamia hali ya neema pasipo ule uoshaji wa kuzaliwa upya au hamu ya kuupata. Ungamo letu la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 2, lasema vile vile kwamba kuzaliwa huko ni kwa Ubatizo na Roho Mtakatifu.

Nguvu ya fundisho hili ni kwamba linamweka Mungu mbele. Mtoto mchanga asiyeweza kusema lo lote wala kuahidi lo lote ndiye mfano ulio safi kabisa wa neema. Kama Mungu amempokea huyo, basi hakuna mtu ye yote aliyepokewa kwa sababu ya ufasaha wake.

Lakini fundisho hili lina ugonjwa wake, nao hushika pale neema inapofanywa kuwa mali. Katika Kanisa la Uingereza ugomvi huu ulifika hata mahakamani. Mwaka 1848 Askofu Phillpotts wa Exeter alikataa kumweka kasisi George Gorham katika usharika kwa sababu Gorham hakukubali kwamba kila mtoto abatizwaye huzaliwa mara ya pili pasipo sharti lo lote. Shauri lilikwenda mpaka Baraza la Mfalme, nalo mwaka 1850 liliamua kwamba Gorham asizuiwe. Wengi walihuzunika kuona jambo la imani likiamuliwa na dola, na baadhi yao wakahamia Roma. Lakini swali la Gorham halikuwa la kijinga. Aliuliza kama maji yanaweza kutajwa peke yake, mbali na imani inayopokea.

Swali hilo lingeweza kuulizwa katika sharika zetu nyingi. Mtoto huletwa kubatizwa kwa sababu sherehe imekwisha kupangwa na wageni wamealikwa. Wasimamizi huchaguliwa kwa uwezo wao wa kutoa zawadi. Cheti cha Ubatizo hutafutwa kwa bidii siku kinapotakiwa kwa ajili ya ndoa, kisha hurudishwa sandukuni. Mafundisho ya Kipaimara hugeuka kuwa mtihani wa kukariri, na siku ya kuupita huwa siku ya kuagana na kanisa. Tukisema kwamba hawa wote wamezaliwa mara ya pili, kisha tusiseme neno jingine, tumewafundisha kulala.

3. Wale wasemao: moyoni, siku moja

Kundi la pili lilizaliwa kwa kuuchukia usingizi huo. Jioni ya tarehe 21 Januari 1525, mjini Zurich, Conrad Grebel alimbatiza Georg Blaurock, mtu mzima aliyekwisha kubatizwa utotoni. Waanabaptisti hao walishikilia kwamba maji yawafuate wale waliokwisha kuamini, wala yasiwatangulie. Wengi wao waliuawa kwa ajili ya neno hilo, na baadhi yao kwa mikono ya watawala wa Kilutheri. Hilo nalo tuliungame tunapowahakiki.

Miongoni mwa Walutheri wenyewe moto huo uliwaka kwa njia nyingine. Philipp Jakob Spener, aliyetoa kitabu chake *Pia Desideria* mwaka 1675, hakukana kwamba watoto huzaliwa mara ya pili katika Ubatizo. Alisema kwamba wengi hulipoteza tunda lake na kwa hiyo huhitaji kurejezwa. Alihubiri mahubiri 66 juu ya somo hili moja. August Hermann Francke alikwenda mbele zaidi. Mwaka 1687, mjini Lüneburg, alikuwa akitayarisha mahubiri juu ya imani, akagundua kwamba yeye mwenyewe hana imani anayotaka kuihubiri. Alipiga magoti akiwa na mashaka hata kama Mungu yupo, akainuka akiwa na hakika. Tangu hapo, katika shule ya Halle, mapambano ya toba yenye mwanzo unaojulikana yakawa kama njia inayotazamiwa kwa kila mtu. Hesabu Zinzendorf, aliyesoma Halle akiwa kijana, aliikataa kanuni hiyo. Kwake yatosha kumtazama Mwokozi aliyejeruhiwa. Mabishano hayo si ya mbali nasi, kwa kuwa wamisionari Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891, na wale wa Kilutheri waliofika pwani, Kilimanjaro na nyanda za juu za kusini katika miaka hiyo hiyo, walitoka katika mashamba yaliyopandwa na uamsho wa namna hii.

Huko Uingereza John Wesley alikuwa kasisi kwa miaka kumi kabla ya jioni ile ya tarehe 24 Mei 1738, mtaani Aldersgate, alipousikia utangulizi wa Luther kwa Waraka kwa Warumi ukisomwa, na moyo wake ukapata joto la hakika. Katika mahubiri yake juu ya kuzaliwa upya, Wesley alitenganisha ishara ya nje na neema ya ndani. Hakukana kwamba mtoto anayebatizwa hupokea neema hiyo. Lakini mtu mzima aishiye katika dhambi asijifariji kwa kukumbuka Ubatizo wake. Hapo Wesley ananena na mwana wa mama yule, tena ananena kweli.

Ugeuzi mkubwa ulitokea Marekani katika karne ya 19. Charles Finney alifundisha kwamba mwenye dhambi anao wajibu wa kuubadili moyo wake mwenyewe, na kwamba uamsho hupatikana kwa kuzitumia ipasavyo njia zilizowekwa, kama mkulima apatavyo mavuno. Kutoka hapo twafika kwenye mikutano mikubwa ya karne ya 20, ambako kuzaliwa mara ya pili kulisemwa kwa lugha ya uamuzi: njoo mbele, sali sala hii, andika tarehe. Tukipima jambo hilo kwa kitenzi cha Yohana 3 twaona tatizo. Anayetendewa amekuwa mtenda. Mtoto amepewa kazi ya mama.

Wapentekoste, ambao uamsho wao wa Azusa Street ulianza Los Angeles mwaka 1906, waliongeza ngazi nyingine. Walio wengi kati yao hufundisha kwamba kuzaliwa mara ya pili ni hatua moja, na ubatizo wa Roho Mtakatifu, wenye ishara ya kunena kwa lugha, ni hatua inayofuata. Hivyo mwamini anaweza kuulizwa "lini?" mara mbili. Na tuwaenzi Wakristo wa mapokeo ya Calvin, ambao hulipinga neno la Finney kwa nguvu kuliko sisi. Sinodi ya Dort ya mwaka 1618 hadi 1619 ilifundisha kwamba Mungu humzaa mtu upya pasipo msaada wa mtu huyo, na kwamba imani ni tunda lake. Lakini Calvin, katika kuifafanua Yohana 3:5, hakuyaona maji hayo kuwa Ubatizo. Kwake ni namna nyingine ya kumtaja Roho asafishaye. Kwa hiyo mwenye dhamiri iliyojeruhiwa huachwa akiuliza kama yeye ni mmoja wa waliochaguliwa, naye hana mahali pa nje pa kushika.

4. Uamsho wa Afrika Mashariki

Sisi hatukulipokea swali la "lini?" kutoka vitabuni. Mwezi Septemba mwaka 1929, Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church alikutana na Simeoni Nsibambi, nao wakakaa pamoja katika Maandiko na maombi. Church alirudi Gahini, Rwanda, na katika miaka iliyofuata uamsho ulienea kutoka huko na kutoka Uganda hata ukafika Bukoba, katika kanisa la Kilutheri, mwishoni mwa miaka ya 1930. Jina "walokole" limetokana na Kiganda, maana yake waliookolewa. Askofu Josiah Kibira, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, alikuwa mtu wa uamsho huo.

Walokole wa kwanza waliwasumbua wachungaji wengi, na wakati mwingine kwa kiburi. Lakini tuwatendee haki. Kwa sehemu kubwa hawakuyaacha makanisa yao, wala hawakudai kubatizwa tena. Walirudisha vitu walivyoiba, walilipa madeni, waliungama mbele ya wake zao, na mwafrika na mzungu waliombana msamaha katika nchi za kikoloni ambako jambo hilo halikuwa la kawaida. Zaidi ya hayo, mlokole wa kweli hakutosheka na tarehe yake. Katika ushirika wa kila juma aliulizwa habari za juma hilo: je, anatembea nuruni, kama isemavyo 1 Yohana 1:7? Aliyesimulia wokovu wa miaka kumi iliyopita, asiwe na neno la leo, aliombewa.

Hapa ndipo tunapoona kwamba urithi huo umepunguka mikononi mwa wengi wetu. Tarehe imebaki, nuru imeachwa. Ushuhuda umekuwa kisa kilichopangwa: nilikuwa mwovu, siku fulani nikaokoka, sasa ni salama. Na maneno matatu yamechanganywa kuwa moja, yaani kuzaliwa mara ya pili, kutubu na kuokoka. Maandiko hayayachanganyi hivyo. Kuokoka kwenyewe Paulo anakusema katika nyakati tatu: tumeokolewa, katika Warumi 8:24, tunaokolewa, katika 1 Wakorintho 1:18, tutaokolewa, katika Warumi 5:9. Anayeuliza "uliokoka lini?" ameushika wakati mmoja na kuziacha mbili.

5. Luther: majini, na tena baada ya miaka mingi

Mtu angetazamia kwamba Luther atatupa silaha dhidi ya watu wa tarehe. Hakufanya hivyo kwa namna nyepesi. Luther alibatizwa Eisleben tarehe 11 Novemba 1483, siku moja baada ya kuzaliwa, na maisha yake yote aliushikilia Ubatizo huo. Alipojaribiwa alijikumbusha kwamba amebatizwa. Lakini mwaka 1545, katika utangulizi wa kazi zake za Kilatini, alisimulia jinsi alivyopambana na neno la haki ya Mungu katika Warumi 1:17, hata akatambua kwamba ni haki ambayo Mungu humpa mtu kwa imani. Alipolitambua hilo, asema, alijiona kama aliyezaliwa upya kabisa, na milango ya paradiso imefunguliwa mbele yake. Huyo ni mtu aliyebatizwa, mtawa, padre na daktari wa Maandiko!

Basi ni Mlutheri gani atakayemwambia ndugu yake wa uamsho kwamba hapana kuzaliwa upya baada ya Ubatizo? Tungelazimika kumnyamazisha Luther kwanza. Lakini angalieni: Luther hakutafuta maji mengine, wala hakusema kwamba Ubatizo wake wa kwanza ulikuwa bure. Alichokipata katika Warumi ndicho alichopewa Eisleben kabla hajajua kusoma.

Katekisimo zake za mwaka 1529 zayaunganisha mambo hayo. Katika Katekisimo Ndogo, maana ya Ubatizo ni kwamba Adamu wa kale azamishwe kila siku kwa majuto na toba, na mtu mpya atoke kila siku. Katika Katekisimo Kubwa anaukosoa mfano wa Yeronimo, aliyesema kwamba toba ni ubao wa pili ambao mtu huushika baada ya merikebu kuvunjika. Luther anajibu kwamba merikebu haivunjiki, kwa maana ni ya Mungu. Sisi ndio tunaoanguka baharini; na aliyeanguka na aogelee, aishike tena merikebu ile ile. Wasomaji wetu wa pwani na wa ziwani watauelewa mfano huu vizuri kuliko watu wa Wittenberg. Kwa mtu aliye majini si faraja kuambiwa kwamba aliwahi kupakiwa chomboni. Wala haimfai kuambiwa kwamba chombo hakipo, ajitengenezee kingine. Neno la kumfaa ni kwamba chombo kipo, ki karibu, na kwamba yumo Mtu mwenye kumnyoshea mkono.

6. Hukumu yetu

Mtoto hajizai, wala hakumbuki siku ya kuzaliwa kwake. Aliijua kwa kuambiwa na mama. Hata leo wako wazee wetu wasiojua tarehe yao. Husema walizaliwa wakati wa nzige au mwaka wa njaa fulani. Hakuna awaye yote aliyemwambia mzee wa namna hiyo kwamba, kwa kuwa hana tarehe, hakuzaliwa. Anapumua, anakula, anaitika jina lake. Lakini pia hakuna mtu mwenye akili aendaye kwa maiti akiwa na cheti cha kuzaliwa, akasema kwamba huyu yu hai kwa sababu karatasi imesema hivyo.

Katika mifano hiyo miwili tunaiona kasoro ya makundi yote mawili. Mwenye kutegemea cheti na mwenye kutegemea tarehe wanafanana kuliko wanavyodhani. Wote wawili wamegeukia kitu kilichopita kilichomo mikononi mwao, na wote wawili wanaweza kukishika huku wamempa Mungu kisogo. Kuzaliwa kutoka juu hakumpi mtu kitu cha kumiliki. Kunampa Baba. Hakika ya mtoto imo katika Baba huyo, aliyesema neno lake juu ya maji yale na ambaye halitangui.

Kwa hiyo tunasema kwamba Mungu hutuzaa kwa maji na Neno katika Ubatizo, mara moja, wala tendo hilo halirudiwi. Mapatano ya Lima ya mwaka 1982 juu ya Ubatizo, Ekaristi na Utumishi nayo yalisema kwamba Ubatizo haurudiwi. Tunasema pia kwamba Roho huyo huyo huamsha imani wakati na mahali apendapo, kama Ungamo la Augsburg lisemavyo katika kifungu cha 5. Kwa wengine polepole kama alfajiri, kwa wengine ghafula kama radi. Aliye na tarehe na amshukuru Mungu kwa hiyo, asiifanye kuwa sheria kwa jirani yake. Asiye na tarehe asihangaike. Na aliyebatizwa akaenda zake katika nchi ya mbali hatumwambii kwamba yu salama, wala hatumwambii kwamba si mwana. Twamwambia arudi nyumbani.

7. Neno kwa wachungaji

Kutokana na hayo tunatoa mashauri machache. Tuache kuzibatiza sherehe. Wazazi na wasimamizi wafundishwe kabla, na watembelewe baadaye. Mafundisho ya Kipaimara yawe mahali pa kuwauliza vijana kama wanaomba, na si kama wamekariri tu. Kijana ajaye akitaka kubatizwa tena asifukuzwe kwa hasira, kwa maana mara nyingi anachokitafuta ni toba na uhakika, na hivyo tunavyo: tumpe maungamo na ondoleo la dhambi, tumrudishe katika Ubatizo wake. Na vikundi vya maombi tusivikimbie. Tukae navyo, tusome navyo Yohana 3 yote, maana huko ndiko wengi wa watoto wetu wanakojifunza kuomba.

Tulirudi kwa mama yule baada ya siku chache. Tulimwomba radhi kwa jibu letu la kwanza. Hatukumwuliza lini. Tulimwuliza anamtegemea nani. Akasema, "Nitamtegemea nani mwingine, Mchungaji, na hali yangu ndiyo hii?" Tukamwambia kwamba hilo ndilo neno la mtu aliyezaliwa kutoka juu, na kwamba hakulijifunza kwa mwili na damu. Tukampa Meza ya Bwana.

Alipokwisha kupokea alituuliza, "Na yule?" Tulimwambia kwamba ahadi aliyopewa mwanawe haijaondolewa, lakini hawezi kuifurahia akiwa ameigeuzia kisogo, na kwamba kumwita ni kazi yetu. Jioni ile tulikwenda kumtafuta kilabuni. Hakurudi nasi siku hiyo, wala siku ya pili. Alikuja kanisani kwenye mazishi ya mama yake, akasimama karibu na mlango, na tulipofika mahali pa kuungama dhambi tuliiona midomo yake ikisema pamoja na wengine. Tangu hapo hatukuacha kwenda kwake.